Usikate waya wa ardhi: kelele za inverta ya pampu na dawa yake



Siku hizi ni nadra kuingia shamba la Batinah usikute kisanduku kimefungwa ukutani ndani ya kibanda cha pampu, kina kioo kidogo cha namba na feni inayovuma. Hiyo ndiyo inverta. Watu wameipenda kwa sababu za haki. Mota inaanza taratibu, mabomba hayapigwi na kishindo cha maji, na wakati mitende haihitaji maji mengi kasi inapunguzwa na umeme unapungua nayo. Lakini pamoja na faida hizo yamekuja malalamiko mapya. Radio inakoroma. Kipimo cha presha kinarukaruka. Kamera ya getini inakatika picha. Breka ya uvujaji inakata mara tu pampu inapoanza, na fundi akija haoni waya uliochubuka wala mota iliyoungua.

Nilifanya kazi ya ukarani miaka mingi katika stoo ya kampuni moja ya pampu na mota hapa Maskati. Mimi si injinia. Kazi yangu ilikuwa kuandika vinavyoingia na vinavyotoka, kupiga chapa ripoti za mainjinia na kutunza vitabu vya maelekezo ambavyo wateja wengi waliviacha ndani ya boksi bila kuvifungua. Ripoti za kelele za inverta zilipita mezani kwangu kwa wingi, na karibu zote zilimalizika kwa maneno yale yale. Nimeona niyaandike kwa Kiswahili chetu, kwa sababu ipo dawa moja ya uongo inayopendekezwa mashambani kwa tatizo hili, nayo ni kukata waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Dawa hiyo inaweza kuua mtu. Dawa ya kweli ipo, na sehemu yake kubwa haina gharama.

Inverta inafanya nini

Umeme unaofika shambani kwa nyaya tatu ni wa volti 415, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mota ikiunganishwa nao moja kwa moja inazunguka kwa kasi moja tu. Inverta huupokea umeme huo, ikaunyoosha kwanza uwe wa mwelekeo mmoja, mfano wa betri kubwa yenye volti 587 hivi. Kisha ndani yake mna transista sita za nguvu ambazo hufungua na kufunga umeme huo kwa mpangilio, vipande vipana na vipande vyembamba, hata mota ikahisi kana kwamba inapata mawimbi laini ya umeme. Ukitaka mota iende polepole, inverta inapanga vipande hivyo kwa namna nyingine.

Faida yake kwa pampu inaweza kuwa kubwa. Pale ambapo kazi ya pampu ni kusukuma maji bombani bila kuyapandisha juu sana, ukipunguza kasi hadi asilimia 80 umeme unaohitajika hushuka karibu na nusu. Kwenye kisima kirefu faida ni ndogo kuliko hiyo, maana uzito wa maji ya kupandishwa haupungui. Hata hivyo kuanza taratibu peke yake kunarefusha maisha ya mota na mabomba.

Sasa sikilizeni kiini cha tatizo. Transista hizo hufungua na kufunga mara elfu kadhaa kwa sekunde, kwa kawaida kati ya 2,000 na 16,000. Na kila zinapofungua, volti hupanda kutoka sifuri hadi 587 kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Wepesi huo ndio unaoifanya inverta isipate moto mwingi. Wepesi huo huo ndio unaozaa kelele.

Katika skuli ya misheni niliyosoma, mwalimu wetu wa sayansi alituwekea dira mezani, akapitisha waya wa betri juu yake, na sindano ikageuka. Jambo hilo Hans Christian Ørsted wa Denmark alilitangaza mwaka 1820: umeme unaopita hauishii ndani ya waya, athari yake inatoka nje. Kisha mwaka 1887 Mjerumani Heinrich Hertz akaonesha kwamba cheche ya umeme inayoruka ghafla hurusha mawimbi hewani, na waya uliopindwa upande wa pili wa chumba huyapokea. Redio ya kwanza duniani ilikuwa cheche. Basi inverta iliyofungwa vibaya ni kama mtambo wa cheche elfu kadhaa kwa sekunde, na kebo ndefu ya mota ndiyo mlingoti wake.

Kelele hizo huenea kupitia nyaya na hewani. Wanaopima huanza kutoka kilohezi 150 hadi megahezi 30 kwa zile zinazopita kwenye nyaya, na kuanzia megahezi 30 kwenda juu kwa zile za hewani. Mawimbi ya kati ya radio yamo ndani ya eneo hilo la kwanza, na mawimbi mafupi vilevile. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba kwa miaka mingi Zanzibar ilisikika huku kwetu jioni katika kilohezi 11735. Masafa hayo yako katikati kabisa ya eneo la kelele za inverta.

Mkondo unarudi kwao, na ni lazima upewe njia

Mwenye falaji hahitaji somo refu hapa. Maji yaliyotoka kwenye chanzo yatateremka tu, hayakuulizi ruhusa. Ukiyatengenezea mfereji uliosakafiwa, yanapita kwa adabu hadi shambani kwako. Usipoyatengenezea, yatatafuta njia yenyewe, yavunje ukuta wa jirani na yajaze majlisi yake. Huwezi kuyazuia kwa kuziba, unaweza kuyaongoza tu.

Mkondo wa kelele una tabia hiyo hiyo. Kila volti inaporuka ghafla, sehemu ya umeme huvuka kutoka waya wa mota kwenda kwenye kitu chochote cha chuma kilicho karibu: bodi ya mota, bomba, bati la ukuta, waya wa kipimo uliolala kando. Hauvuki kwa sababu ya mchubuko. Unavuka kwa sababu waya wowote na chuma kilicho karibu nao, vikitenganishwa na plastiki, vinafanya kapasita ndogo, na kapasita hupitisha mabadiliko ya ghafla. Kebo ikiwa ndefu, kapasita hiyo inakuwa kubwa. Umeme huo uliovuka lazima urudi ulikotoka, na ulikotoka ni ndani ya inverta. Ukiutengenezea njia fupi na pana, utarudi bila kumsumbua mtu. Usipoutengenezea, utarudi kupitia waya wa kipimo cha presha, kupitia beringi za mota ukizitoboatoboa vishimo vidogo, au kupitia nyaya za nyumba nzima hadi kwenye radio ya bibi.

Mainjinia niliowapigia chapa ripoti zao walikuwa wakirudia neno hili moja kwa lugha mbalimbali. Usiulize namna ya kuiziba kelele, uliza mkondo huu unarudi kwa njia gani.

Kwa nini waya mwembamba mrefu hautoshi

Hapa ndipo mafundi wazuri wa nyumba hupotea. Fundi anapima waya wa ardhi kwa mita yake, anaona ukinzani karibu na sifuri, anasema ardhi iko sawa. Kwa umeme wa mara 50 kwa sekunde anasema kweli. Waya wa mita 5 unaleta kizuizi kidogo sana. Lakini waya wowote ulionyooka una ugumu wa aina nyingine unaokua kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka. Kwa megahezi 1, waya ule ule wa mita 5 unazuia kwa omu 30 hivi. Kwa megahezi 10 unazuia kwa omu 300 na zaidi. Kwa mkondo wa kelele huo si mfereji tena, ni ukuta.

Kwa hiyo waya wa ardhi una kazi mbili ambazo hazifanani. Kazi ya kwanza ni kulinda roho ya mtu, na kwa hiyo waya wa kijani na manjano unatosha ukiwa mnene wa kufaa na umeungwa vizuri. Kazi ya pili ni kurudisha kelele, na kwa hiyo kinahitajika kitu kipana na kifupi: bati lisilo na rangi, ukanda bapa wa shaba iliyosukwa, au ngao ya kebo. Cha pili hakichukui nafasi ya cha kwanza. Vinatakiwa vyote viwili.

Yaliyotokea shambani kwa jamaa yangu

Mtoto wa ndugu yangu ana shamba la mitende na ndimu upande wa Barka, na pampu yake ni ya kilowati 7.5. Alifunga inverta, na katika mwezi wa kwanza akapata mambo matatu pamoja. Kipimo cha presha kilisema bomba limejaa wakati koki ziko wazi, pampu ikawa inajizima. Shangazi yetu aliye katika nyumba ya shamba akalalamika kwamba radio yake inalia kama nyuki kila pampu inapoanza. Na breka ya uvujaji ikawa inakata karibu kila alfajiri. Akaja fundi, akatazama, akatoa shauri. Jamaa yangu akanipigia simu.

"Ami, fundi anasema tuukate huu waya wa kijani, breka haitokata tena. Nimwambie akate?"

"Usikubali, mwanangu. Mwambie aweke mkasi chini. Nani anaoga pale kwenye tangi?"

"Wafanyakazi, na watoto wakija Ijumaa."

"Basi umeshapata jibu lako."

Nieleze kwa nini nilisema vile. Breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana kwa miliampia 30 inakata, kwa sababu umeme unaozidi kiasi hicho ukipita kifuani mwa mtu unaweza kusimamisha moyo. Inverta nzima isiyo na hitilafu yoyote nayo hupeleka kiasi fulani cha umeme ardhini, kwa kupitia filta yake na kwa kupitia ile kapasita ya kebo niliyoieleza. Breka inauona umeme huo na inakata. Breka haijasema uongo.

Ukiukata waya wa ardhi, kweli breka inanyamaza. Lakini angalia kilichobaki. Bodi ya mota, bodi ya inverta na bomba la chuma sasa havina pa kupeleka umeme. Kapasita za filta zenyewe zinaweza kuijaza bodi volti za kumtetemesha mtu. Na siku ambayo waya wa ndani utachubuka kweli, bodi nzima itakuwa na umeme na hakuna kitakachojua. Itakaa hivyo, kimya, mpaka aje mtu mwenye miguu mibichi aiguse. Mtu huyo ndiye atakuwa waya wa ardhi.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Breka za uvujaji za kawaida zimetengenezwa kuona umeme unaobadilika mwelekeo. Hitilafu ndani ya inverta ya nyaya tatu inaweza kutoa umeme wa mwelekeo mmoja, na umeme huo huipofusha breka ya kawaida. Ndiyo sababu vitabu vya maelekezo hutaka breka ya aina B kwa inverta hizo. Aina hiyo huoneshwa usoni pa breka yenyewe.

Injinia aliyekuja baadaye alianza kwa jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya. Alizima umeme, akasubiri, akaifungua kebo ya mota kutoka kwenye inverta, ndipo akapima kama kebo na mota zinavuja kweli. Zilikuwa nzima. Laiti zingekuwa zimechubuka, kazi ingekuwa kuzibadilisha, wala si kutuliza breka. Kisha akahamisha waya wa kipimo cha presha, ambao ulikuwa umefungwa pamoja na kebo ya mota ndani ya bomba moja la plastiki. Akaupitisha ukuta wa pili. Kipimo kikatulia siku ile ile, na hakuna kilichonunuliwa. Radio na breka zilichukua kazi zaidi, nayo ndiyo nitakayoipanga sasa.

Dawa kwa mpangilio, kuanzia isiyo na gharama

Kwanza, tenganisha nyaya. Kebo inayotoka kwenye inverta kwenda kwenye mota ndiyo yenye kelele kuliko zote. Nyaya za vipimo, kamera, simu na intaneti zikae mbali nayo sentimita 30 au zaidi, na zisilale sambamba nayo mwendo mrefu. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Waya wa kipimo uwe wa jozi iliyosokotwa wenye ngao yake.

Pili, kwangua rangi. Inverta hufungwa juu ya bati, na bati hilo mara nyingi limepakwa rangi nzuri. Rangi haipitishi umeme. Pale skrubu zinapogusa, rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kisha pafungwe barabara na pakingwe na kutu. Kwa sisi wa pwani, ambako hewa ina chumvi, maungio haya yakaguliwe kila mwaka. Ungio lililokuwa zuri linaweza kuota kutu chini ya nati bila ya mtu kujua.

Tatu, tumia kebo ya mota yenye ngao. Hii ni kebo ambayo nyaya zake za nguvu zimezungukwa na suka la nyuzi za shaba. Ngao hiyo ndiyo mfereji uliosakafiwa: mkondo uliovuka unadakwa humo humo na kurudishwa. Lakini ngao inafaa tu ikifungwa pande zote mbili, kwenye inverta na kwenye mota, na ifungwe kwa kibanio cha chuma kinachoikumbatia mzunguko mzima. Mafundi wengi huisokota ngao iwe kama mkia na kuufunga mkia huo kwa skrubu moja. Mkia wa sentimita chache tu unatosha kuharibu sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu ile ile ya waya mwembamba.

Nne, kebo iwe fupi kadiri iwezekanavyo. Inverta ikae karibu na kisima. Kila mita inaongeza kapasita na mlingoti.

Tano, filta ya kelele. Inverta nyingi zinayo ndani. Kama haimo, hununuliwa na kufungwa mdomoni pa inverta upande wa umeme unaoingia, juu ya bati lile lile. Waya unaoingia kwenye filta usilale pamoja na unaotoka, la sivyo kelele itaruka kutoka mmoja hadi mwingine na filta itakuwa pambo. Mpate kujua pia kwamba baadhi ya inverta zina skrubu ndogo inayounganisha filta ya ndani na ardhi. Wapo mafundi wanaoing'oa ili breka isikate. Breka hutulia, na kelele yote hutoka nje kwenda kwenye nyaya za nyumba.

Sita, pete za ferite. Hizi ni pete nyeusi nzito mfano wa zile zinazoonekana kwenye waya wa kompyuta. Nyaya tatu za mota hupitishwa pamoja ndani ya pete moja. Waya wa ardhi haupiti humo. Pete hupunguza mkondo wa kelele lakini haichukui nafasi ya kebo nzuri.

Saba, punguza mwendo wa kufungua na kufunga. Katika mipangilio ya inverta, ukishuka kwa mfano kutoka mara 12,000 kwa sekunde hadi 4,000, uvujaji na kelele za umeme hupungua. Badala yake mota italia zaidi kwa sauti ya sikio. Shambani hilo linavumilika. Jirani na chumba cha kulala pengine halivumiliki.

Nane, breka ya kufaa. Inverta ipewe njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, isishirikiane breka ya uvujaji na soketi za nyumba. Soketi za nyumba zibaki na breka yao ya miliampia 30. Kwa pampu iliyofungwa daima, injinia mwenye leseni ndiye achague aina na ukubwa. Na kwa kuwa inverta hizi huvuja zaidi ya miliampia 3.5, kiwango cha kimataifa cha IEC 61800-5-1 kinataka ungio la ardhi lisiloweza kukatika kirahisi. Njia mojawapo inayokubalika ni waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, na nyingine ni kuweka waya wa pili wa ardhi kando ya ule wa kwanza. Tazama basi umbali uliopo baina ya kitabu na mkasi wa yule fundi. Kitabu kinataka waya mnene au nyaya mbili, yeye alitaka usibaki hata mmoja.

Pampu ya kuzama kisimani

Mashamba mengi yana pampu iliyozama ndani ya kisima, na kebo yake ni ndefu. Hapa liko tatizo jingine. Umefunga koki ghafla ukasikia bomba likigonga? Wimbi la maji limefika mwisho, limerudi, na kwa kitambo presha imepanda ghafla. Volti ya inverta hufanya hivyo kwenye kebo ndefu. Ile 587 inaweza kufika mlangoni pa mota ikiwa karibu na 1,170, mara elfu kadhaa kwa sekunde, na plastiki inayofunika nyaya za mota ikachoka kabla ya wakati wake. Mota inaungua baada ya mwaka, na mwenye shamba anamlaumu muuzaji wa mota.

Dawa yake ni filta inayofungwa upande wa kutokea wa inverta, ile inayolainisha vipande vya umeme viwe mawimbi. Kebo ya kuzama kisimani kwa kawaida haina ngao, kwa hiyo filta hiyo inasaidia mambo mawili kwa pamoja: mota inapona, na kelele za kebo zinapungua. Kutoka kibandani hadi mdomo wa kisima, itumike kebo yenye ngao. Na mtu yeyote asifunge kapasita za kuboresha umeme upande huo wa kutokea. Zitaharibika, au zitaiharibu inverta.

Wenye pampu za jua nao wasidhani wamesalimika. Nyaya ndefu kutoka kwenye paneli hadi kwenye inverta hubeba kelele vilevile. Waya wa kwenda na wa kurudi zilale pamoja, zimekaribiana, zisiache duara kubwa baina yao.

Jinsi ya kupima bila chombo cha ghali

Chukua radio ndogo ya betri, iweke kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni. Pampu ikiwa imezimwa, sikiliza. Mwambie mtu aiwashe, kisha tembea polepole kandokando ya nyaya bila kuzigusa wala kufungua kifuniko. Mahali ambapo radio inalia zaidi ndipo mkondo unapotoka nje ya mfereji. Mara nyingi utakuta ni pale kebo ya mota inapotoka kwenye boksi, au pale ngao ilipofanywa mkia. Andika ulichokisikia kabla ya kazi na baada ya kazi. Tabia ya ukarani ina faida zake.

Kazi ya ndani ya boksi msiifanye wenyewe. Hata umeme ukizimwa, kapasita za ndani hubaki na ile betri ya volti 587 kwa muda. Kifuniko cha inverta huandikwa dakika za kusubiri, mara nyingi 5 au zaidi. Zisubiriwe zote, na kisha ipimwe.

Kabla ya kumlipa fundi

Muulizeni maswali haya, na asiyeweza kuyajibu msimpe kazi. Kebo ya mota ina ngao, na imefungwa kwa kibanio pande zote mbili? Rangi imekwanguliwa chini ya inverta na filta? Waya wa kipimo umepita wapi? Breka ni ya aina gani? Waya wa ardhi una unene gani, na umeungwa wapi? Na inverta yenyewe iko kundi gani katika kiwango cha IEC 61800-3? Makundi C1 na C2 yanaweza kufungwa penye makazi, C2 ikifungwa na mtaalamu. Kundi C3 ni la viwandani. Bei yake huwa ndogo, na mtu hulinunua kwa furaha, kisha nyumba nzima ya shamba inalipa.

Kwa jamaa yangu kazi ilimalizika kwa kebo mpya kutoka kibandani hadi kisimani, bati lililokwanguliwa, filta iliyosogezwa mahali pake na breka ya aina B kwa njia yake peke yake. Waya wa kijani na manjano bado upo, na wa pili umewekwa kando yake. Mwenye shamba akitaka kuhakikisha wake haujakatwa, atazame leo kabla ya watoto hawajaenda kuoga kwenye tangi.